Mashine ya kusaga inatetemeka: soma dalili kabla ya kuweka raba

Kinu kinachotetemeka hutibiwa kwa namna moja karibu kila mahali. Mtu anakata vipande vya tairi kuukuu, anavichomeka chini ya miguu ya fremu, anakaza boliti na kurudi kusaga. Mara nyingine mtetemo unapungua kweli. Mara nyingi unahama tu: sakafu inatulia, lakini fremu inaanza kupasuka kwenye maungio ya kuchomelea, au beringi iliyokuwa ikikaa muda mrefu inakufa mapema. Na mara nyingine, hasa chini ya injini ya dizeli, tairi lile lile linaongeza mtetemo. Sababu za matokeo hayo matatu zinajulikana na zinahesabika, na ninataka kila fundi na kila mwenye mashine azijue, kwa kuwa gharama ya kutozijua anailipa yeye.

Mashine ninayoizungumzia ni kinu cha nyundo cha kawaida, kile kilichoko vijijini na mitaani kote Tanzania na Kenya, kiwe kimetengenezwa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi au kimetoka India. Rota yake, yaani shafti inayobeba nyundo kwenye pini zake, inazunguka karibu mara 3000 kwa dakika. Kinavutwa kwa mikanda na mota ya umeme yenye mizunguko 1450 hivi, au na injini ya dizeli ya silinda moja ya aina ya Lister inayokwenda mizunguko 650 au 850.

Anza na hesabu moja ili ujue unapambana na nini. Upande mmoja wa rota hiyo ukizidi mwingine kwa gramu 50 tu, sentimita 20 kutoka katikati ya shafti, beringi zinavutwa kwa nguvu ya karibu niutoni 990. Hiyo ni kama kuning'iniza gunia la kilo 100, na mvuto huo unazunguka pande zote mara 50 kila sekunde. Nguvu hii inapanda kwa mraba wa mwendo. Ndiyo maana mtu akibadilisha puli ili mashine iende kasi, kutoka mizunguko 3000 hadi 3600, anaongeza mwendo kwa asilimia 20 lakini nguvu ya mtetemo inaongezeka kwa asilimia 44.

Jaribio la kuzima

Kabla ya kushika spana, acha mashine izunguke bila nafaka. Weka kiganja kwenye fremu, mbali na mkanda, kisha mwambie mwenzako azime. Usiondoe mkono mpaka rota isimame yenyewe.

Mtetemo ukikatika papo hapo umeme unapokatika, wakati rota bado inazunguka kwa kasi, tatizo liko kwenye umeme wa mota: fezi moja ina volti pungufu, au ndani ya mota kuna hitilafu. Pima volti kati ya fezi na fezi, zote tatu. Hapo usipoteze muda na nyundo wala raba. Huo ni wito wa fundi umeme.

Mtetemo ukipungua taratibu pamoja na mwendo, chanzo ni kitu kinachozunguka: nyundo zisizolingana uzito, shafti iliyopinda, puli isiyo duara. Lakini ukipungua, kisha ghafla ukapanda kwa sekunde chache rota ikiwa inaelekea kusimama, halafu ukashuka tena, umepata habari kubwa. Fremu yako ina mwendo wake inaoupenda, na rota imepita juu ya mwendo huo. Hilo tutalirudia.

Simu inaweza kukusaidia. Programu za bure zinazosoma kihisi cha mwendo cha simu zinaonyesha mtetemo ni mara ngapi kwa sekunde, yaani Hz. Rota ya mizunguko 3000 inatoa 50 Hz, mota ya 1450 inatoa 24, Lister ya 650 inatoa karibu 11. Ukiona 24 imesimama juu ya nyingine zote, usihangaike na rota ya kinu; nenda kwenye mota na puli yake. Angalia tu simu yako inasoma mara ngapi kwa sekunde: isiposoma zaidi ya mara 100, haiwezi kuonyesha 50 Hz kwa uaminifu na itakupa namba ya uongo. Ukitaka kujua kama mtetemo ni mbaya au wa kawaida, chukua usomaji wa RMS (aina ya wastani inayoonyeshwa na programu) katika mita kwa sekunde mraba, gawanya kwa 6.28 na tena kwa Hz, kisha zidisha kwa 1000 upate milimita kwa sekunde. Mita 1 kwenye 50 Hz inatoa 3.2. Kwa mashine ndogo zisizozidi kilowati 15, kiwango cha kimataifa cha ISO 10816-1, ambacho mwaka 2016 nafasi yake ilichukuliwa na ISO 20816-1, kilihesabu chini ya 1.8 kuwa salama kwa kazi ya muda mrefu, na juu ya 4.5 kuwa hatari.

Mtetemo umeanza ghafla, pamoja na mlio wa chuma

Zima. Usimalizie debe la mteja. Hapo nyundo imekatika au pini imechomoka. Nyundo ya gramu 300 kwenye mwendo huo inavuta pini yake kwa nguvu ya karibu nusu tani, na ncha yake inakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ikiachia, chekeche haliizuii sawasawa. Kata umeme kwenye swichi kuu, toa fyuzi ukae nazo mfukoni, ndipo ufungue kifuniko.

Mtetemo umeanza baada ya kubadilisha nyundo

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi, na ndiyo inayotibika kwa bei ndogo kuliko zote. Mwenye mashine huuliza kwa haki kabisa:

"Fundi, si nimenunua seti nzima mpya? Zote saizi moja."

"Saizi moja, mama, lakini hebu tuzipime kwanza."

Ukiziweka kwenye mizani ya dijitali, zile zinazosoma gramu moja moja kama za kupimia viungo dukani, nyundo zilizokatwa kwa gesi kutoka bamba moja hutofautiana kirahisi, kwa sababu mkato wa gesi haunyooki na tundu la pini linatobolewa kwa jicho. Sasa tazama tofauti inayovumilika ni ndogo kiasi gani. Kwa rota ya kilo 30 kwenye mizunguko 3000, daraja la usawazishaji la G6.3, ambalo ndilo hutumika kwa feni na mashine nyingi za kawaida, linaruhusu gramu 3 tu za ziada kwenye umbali wa sentimita 20. Hata ukikubali daraja legevu la G16, ni gramu 7 na nusu. Kwa jicho huwezi kuona tofauti ya gramu 7 kwenye kipande cha chuma. Mizani inaiona.

Fanya hivi. Pima kila nyundo, andika uzito juu yake kwa chaki. Panga kutoka nzito hadi nyepesi. Zipange kwa jozi zinazokaribiana, na kila jozi ikae pande zinazotazamana za rota, kwenye nafasi ile ile ya urefu wa shafti. Hili la nafasi linasahauliwa sana: ukiweka nyundo nzito kushoto mwa pini ya juu na mwenzake kulia mwa pini ya chini, jumla ya uzito inalingana lakini rota inayumba kama inataka kupinduka, na beringi mbili zinavutwa pande tofauti. Jozi isiyolingana, isage nzito kwa grainda kwenye ncha ya nje, kidogo kidogo, huku ukipima.

Jumlisha pia kila pini na nyundo zake. Jumla za pini zinazotazamana zisipishane zaidi ya gramu chache.

Ukigeuza nyundo ili upande mkali ufanye kazi, geuza zote siku moja. Ukibadilisha iliyovunjika, badilisha na ya upande wa pili pia, hata kama bado nzima, kwa sababu iliyotumika imeshapoteza uzito.

Baada ya hapo, kama mtetemo bado upo, toa nyundo zote na uzungushe rota tupu. Ikitetemeka tupu, tatizo ni rota yenyewe au shafti. Itoe, ilaze shafti yake juu ya vyuma viwili vilivyonyooka na vilivyosawazishwa kwa pima maji, uiache iviringike. Upande mzito utashuka chini kila mara. Weka chaki, geuza, rudia; ukisimama pale pale kila mara, punguza chuma upande huo au ongeza kipande upande wa pili mpaka rota isimame popote unapoiacha. Njia hii inatosha kwa rota fupi. Ikiwa urefu wake unazidi kipenyo, inahitaji kusawazishwa ikizunguka, kwenye karakana yenye mashine ya kazi hiyo, na kwa mashine inayosaga kutwa fedha hiyo inarudi.

Mtetemo unaokua wiki hadi wiki

Hapa shuku uchakavu: tundu za nyundo zimepanuka, pini zimeliwa, beringi zimelegea, au unga umegandamana ndani ya rota upande mmoja, jambo la kawaida ukisaga mahindi yenye unyevu. Anza na unga, kwa kuwa kuusafisha ni bure.

Kwa beringi, shika shafti kwa mikono miwili mashine ikiwa imezimwa, uinyanyue na kuishusha. Ikicheza kiasi cha kuhisiwa, imekwisha. Nzuri huzunguka kimya. Mbovu inakwaruza, na ukiweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi na mpini sikioni, utasikia kama mchanga. Lakini usiishie kuibadilisha. Beringi ya gololi ikibebeshwa mzigo mara mbili, maisha yake yanashuka hadi sehemu moja ya nane. Kwa hiyo beringi inayokufa upesi mara kwa mara karibu kila mara ina kitu kingine kinachoiua, na kitu hicho ni mtetemo unaopaswa kuutafuta. Grisi nayo isijazwe mpaka ifurike. Inapochemka ndani, inaharakisha kifo.

Mapigo ya polepole, unayoweza kuyahesabu

Ukihisi mashine inasukumwa mara tano au sita kwa sekunde, taratibu kuliko mzunguko wa kitu chochote, tazama mikanda. Mkanda wa milimita 2500 kwenye puli ya mota ya milimita 200 unazunguka karibu mara 6 kwa sekunde. Kovu moja au uvimbe mmoja kwenye mkanda unapiga kila unapopita. Badilisha mikanda yote pamoja, kwa sababu mmoja mpya kati ya wakongwe wawili unabeba mzigo wote. Nyoosha puli kwa uzi uliokazwa usoni mwa puli zote mbili: uguse sehemu nne, sio tatu. Ukaze wa mkanda uwe wa kutosha kubonyea milimita 16 hivi kwa kila mita ya nafasi kati ya puli ukibonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu.

Boliti moja ikilegezwa mtetemo unapungua

Watu hushangaa wakiona hili. Mashine ikiwa inazunguka bila mzigo, legeza boliti moja ya mguu wa mota robo mzunguko, hisi fremu, kaza, nenda nyingine. Ukipata boliti ambayo kuilegeza kunatuliza mashine, mguu huo haukugusa fremu sawasawa. Ulipokazwa ulipinda mota nzima na kuzipotosha beringi zake. Zima, pima mwanya kwa gauji ya visu (vibati vyembamba vyenye unene ulioandikwa), jaza kwa bati safi la unene huo huo. Usijaze kwa karatasi, wala kwa kipande cha kopo kilichokunjwa, maana vitabonyea na mwanya utarudi.

Fremu ndiyo inayocheza, rota iko sawa

Sasa lile jambo la mtetemo kupanda wakati wa kuzima. Kila fremu ina masafa yake asilia: ukiigonga, inacheza mara fulani kwa sekunde kisha inatulia. Mashine ikizunguka karibu na masafa hayo, kila mzunguko ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kwa wakati ule ule anaporudi, na msukumo mdogo unageuka mtikisiko mkubwa. Hiyo ndiyo resonansi, na ndiyo inayowafanya watu wasawazishe rota tena na tena bila kupata nafuu.

Pima mashine ikiwa imezimwa: bandika simu kwenye fremu, igonge kwa nyundo ya mbao, usome Hz. Ikitoka 22 hadi 27 na mota yako ni ya 24, umeshapata jibu. Uhamishe mwendo wa fremu angalau asilimia 20 mbali. Kuupandisha kwa asilimia 25, ugumu wa fremu unatakiwa uongezeke kwa asilimia 56, na njia rahisi ni kuchomelea chuma cha pembe kwa mshazari kutoka juu ya mguu mmoja hadi chini ya mwingine. Miguu minne bila mshazari ni fremu dhaifu, hata ikiwa ya chuma kinene.

Hapa sasa ndipo raba inapokuja

Chanzo kikishatibiwa, kinachobaki ni mtetemo wa kawaida wa mashine ambao hutaki ufike kwenye sakafu au nyumba ya jirani. Raba au springi inafaa hapo, kwa sharti moja: mashine ikiwa juu yake lazima iwe na masafa asilia madogo kuliko theluthi moja ya mwendo wa mashine. Kuyajua ni rahisi. Pima raba imebonyea milimita ngapi kwa uzito wa mashine, tafuta kipeuo cha pili cha namba hiyo, kisha gawanya 15.8 kwa jibu. Raba iliyobonyea milimita 1 inatoa 15.8 Hz, iliyobonyea 4 inatoa 7.9.

Chukua tairi lililobonyea milimita 1. Kwa rota ya 50 Hz, linapitisha karibu asilimia 11 tu ya nguvu: kazi nzuri. Kwa mota ya 24 Hz, linapitisha asilimia 75, yaani umejisumbua karibu bure. Kwa Lister ya karibu 11 Hz, linapitisha asilimia 188. Umeongeza nguvu inayofika sakafuni karibu mara mbili. Na raba ikicheza huwa ngumu kuliko ikiwa imetulia, kwa hiyo kwa mota hali halisi ni mbaya zaidi ya hesabu.

Kwa injini hiyo ungehitaji kitu kinachobonyea karibu milimita 19. Raba ya kawaida haiwezi. Springi zinaweza, lakini injini itayumba na mikanda itaruka, labda kinu na injini vikae kwenye fremu moja nzito. Ushauri wangu kwa Lister ni zege. Pistoni inayopanda na kushuka haisawazishiki kikamilifu kwa uzito wa flaiwili. Ukiondoa nguvu ya juu na chini yote, unaihamishia pembeni. Kwa hiyo mpe uzito wa kumlemea: zege mara tano ya uzito wa injini. Kwa injini ya kilo 350, shimo la mita 1.2 kwa 0.9, kina mita 0.7, linatosha. Litenganishwe na sakafu na ukuta kwa mwanya wa mchanga, na boliti za msingi zimwagiwe pamoja na zege, sio kutobolewa baadaye.

Kifyonza mtetemo

Kuna kifaa kingine, na ninasikitika kwamba mafundi wengi wanakiona kila siku bila kujua. Tazama nyaya za umeme wa msongo mkubwa karibu na nguzo: vyuma viwili vidogo vimening'inizwa kwenye kila waya. Vinaitwa vya Stockbridge, kwa jina la mhandisi wa Marekani aliyevibuni miaka ya 1920, na vinafyonza mtetemo wa upepo usikate nyaya. Mjerumani Hermann Frahm alikuwa amekwisha pata hataza ya wazo la kifyonza mwaka 1911: ongeza uzito mdogo juu ya springi, iliyorekebishwa kucheza kwa mwendo ule ule wa mashine, nao utacheza badala ya mashine.

Unaweza kukitengeneza. Tuseme fremu yako inacheza juu na chini kwa 24 Hz, na mshazari hauwezekani. Chukua chuma bapa cha milimita 40 kwa 6, kikiwa kimelala, kitoke kwenye fremu sentimita 25 kutoka ukingo wa kishikio. Ugumu wake ni karibu niutoni 27,600 kwa mita. Uzito wa kucheza 24 Hz nao ni kilo 1.2, toa gramu 110 za chuma bapa chenyewe zinazoshiriki, unabaki na kilo 1.1 ya kufunga kwenye ncha. Ufunge kwa boliti ndani ya tundu refu, ili usogeze mbele na nyuma hadi fremu itulie na ncha icheze.

Kiwekwe pale fremu inapocheza zaidi, kwa mwelekeo ule ule. Uzito uwe angalau asilimia 5 ya sehemu inayocheza, la sivyo mabadiliko madogo ya mwendo wa mota chini ya mzigo yanakitoa kwenye nafasi yake. Kwa injini ambayo mwendo wake unapanda na kushuka na nafaka, usikitumie: pande mbili za mwendo uliokirekebishia, kinaunda masafa mapya mawili ya resonansi, na injini itayakuta. Kishikio kifungwe kwa boliti, sio kuchomelewa, maana chuma kinachocheza mara 24 kwa sekunde kinapata mikunjo karibu laki saba ndani ya saa nane za kusaga, na ufa huanzia pembeni mwa mchomeleo. Zungushia kizimba cha wavu, funga mnyororo mfupi kwenye ule uzito, na ukague mzizi wa chuma bapa kwa tochi kila unapoongeza grisi.